Umebaguliwa hospitalini Mwanza? Barua ipi iende ofisi ipi

Nenda kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri ukamlalamikie muuguzi, utaambiwa muuguzi ana baraza lake. Liandikie baraza, utaulizwa kama mwajiri ameshajulishwa. Fika Tume ya Haki za Binadamu, swali la kwanza ni hilo hilo: umeanzia wapi, na barua zako ziko wapi? Watu huchoka na danadana hii wakaacha, wakiamini wanazungushwa makusudi. Wapo wanaozungushwa makusudi, sikatai. Lakini mara nyingi kila ofisi inasema kweli kuhusu kipande chake, ila hakuna anayemweleza mlalamikaji vipande viko vingapi.

Tanzania haina ofisi moja inayoshughulikia ubaguzi katika huduma za afya. Marekani wanayo inayokaribia hiyo: Ofisi ya Haki za Kiraia iliyo ndani ya wizara yao ya afya hupokea malalamiko chini ya Kifungu cha 1557 cha sheria yao ya afya ya mwaka 2010, na mlalamikaji ana siku 180 tangu tukio. Kwetu mamlaka yamegawanywa. Anayemiliki kituo ni mmoja, anayempa daktari usajili ni mwingine, anayelipa bili ni wa tatu, na anayelinda haki za binadamu yuko pembeni kabisa.

Kwa hiyo ukiandika barua moja ndefu yenye kila kitu na kuisambaza kote, kila ofisi itaona mengi yasiyo yake na kuiweka kando. Lipasue lalamiko lako. Ninavyopendekeza, ni hivi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ubaguzi

Kukosa dawa si ubaguzi. Kusubiri saa nne foleni ikiwa imejaa si ubaguzi. Daktari kukosea kipimo ni uzembe, na uzembe una njia yake. Ubaguzi ni pale unaponyimwa, unapocheleweshwa au unapodhalilishwa kwa sababu ya vile ulivyo, wakati mwenzako mwenye shida kama yako anahudumiwa.

Chukua mfano wa mvuvi wa dagaa aliyehama kambi kutoka Ukara akaja Mwaloni, Kirumba. Yuko kwenye dawa za VVU na zimebaki za siku mbili. Anafika CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, anaulizwa barua ya uhamisho. Hiyo pekee si ubaguzi. Ni utaratibu, hata kama unakera, na mara nyingi simu moja kwa kituo alikotoka inaumaliza. Lakini mpokezi akipaza sauti mbele ya benchi zima, "Nyie wa vidonge kakaeni kule," habari imebadilika. Hapo kuna mambo mawili: unyanyapaa, na kutoa siri ya mgonjwa. Yote mawili yanakatazwa na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008, ambayo pia inamtaka mtoa huduma amhudumie anayeishi na VVU bila kumnyanyapaa wala kumbagua.

Jua pia unasimamia sheria gani, maana watu hukimbilia Katiba kabla ya wakati. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi na inataja misingi yake: utaifa, kabila, mahali mtu alikotoka, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia, hali ya maisha. Ugonjwa na ulemavu havikutajwa kwa majina. Ndiyo maana sheria ya 2008 kwa wenye VVU, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo inawahusu pia wenye ualbino, zina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Zinataja huduma za afya waziwazi. Barua inayotaja sheria husika kwa jina na mwaka husomwa kwa macho mengine.

Wazee wana suala lao. Sera ya afya inatoa msamaha wa malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, kwa wajawazito na kwa watoto chini ya miaka mitano. Ukinyimwa msamaha huo, kabla hujaandika popote muulize afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Yeye ndiye anayeamua nani hana uwezo, na malalamiko mengi huishia mezani kwake siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Kusanya vitu kabla jua halijazama

Andika tarehe, saa, chumba, maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, na nani alikuwepo. Majina ya watumishi yako kwenye vitambulisho vyao shingoni. Kama hakuvaa, andika wadhifa wake na zamu aliyokuwa. Hiyo inatosha, maana orodha ya zamu ipo.

Tunza stakabadhi. Stakabadhi ya malipo yenye kontroli namba inaonyesha ulilipia nini na lini, na hakuna wa kukwambia hukufika. Kadi ya kliniki, cheti, karatasi ya maabara, vyote weka. Usipige picha ndani ya wodi wala CTC: utawanasa wagonjwa wengine, na taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mlalamikaji anaweza kujikuta analalamikiwa yeye.

Soma na Mkataba wa Huduma kwa Mteja, ule uliobandikwa ukutani karibu na mapokezi. Hakuna anayeusoma. Ukiwa umeandika siku ambazo kituo kimeahidi kujibu malalamiko, hizo ndizo siku utakazowahesabia.

Hatua ya 3: Kituo ni cha nani?

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mkoa wa Mwanza una wilaya saba lakini halmashauri nane, na afya inaendeshwa kwa halmashauri. Wilaya ya Sengerema ina mbili: Sengerema yenyewe na Buchosa. Aliyetendewa vibaya kwenye zahanati ya Buchosa akipeleka barua Sengerema mjini, ameikosea. Mganga Mkuu wake yuko Halmashauri ya Buchosa. Mjini ni vilevile: Igoma, Mkolani na Butimba ziko Halmashauri ya Jiji, wilaya ya Nyamagana, wakati Buzuruga, Pasiansi na Buswelu ziko Manispaa ya Ilemela. Kinachohesabika ni kituo kilipo. Unakoishi hakuhusiki.

Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya za serikali ni mali ya halmashauri, chini ya OR-TAMISEMI. Ngazi zake ni Mganga Mfawidhi wa kituo, kisha Mganga Mkuu wa Halmashauri, kisha Mganga Mkuu wa Mkoa aliye chini ya Katibu Tawala wa Mkoa. Pembeni kuna Kamati ya Usimamizi ya kituo, yenye wawakilishi wa wananchi, na Bodi ya Afya ya Halmashauri. Msizidharau. Mjumbe wa kamati unayemfahamu mtaani anaweza kulipeleka suala lako kikaoni likaandikwa kwenye muhtasari, na muhtasari ni karatasi ya serikali.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sekou Toure, haiko huko. Tangu Rais Magufuli alipoagiza mwishoni mwa 2017 hospitali za rufaa za mikoa zihamishwe kutoka TAMISEMI, mwenye mali ni Wizara ya Afya. Lalamiko la Sekou Toure lianze kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali, likikwama liende kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Afya. Mkurugenzi wa Jiji hana mamlaka ndani ya geti lile, hata kama hospitali iko katikati ya jiji lake.

Bugando nayo ni habari nyingine. Ni hospitali ya rufaa ya kanda, inamilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki na kuendeshwa kwa ubia na serikali. Andikia uongozi wa hospitali kwanza, nakala Wizara ya Afya. Hospitali za dini zilizoteuliwa kutoa huduma za wilaya zina mabwana wawili, dayosisi na halmashauri, kwa hiyo barua moja, nakala mbili.

Hospitali ya mtu binafsi? Leseni yake inatoka kwa Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi, chini ya Wizara ya Afya, na Mganga Mkuu wa Halmashauri humkagua papo hapo alipo. Duka la dawa linasimamiwa na Baraza la Famasia.

Hatua ya 4: Aliyekutendea ni nani?

Jengo lina mwenyewe, na mtu aliye ndani ana wake. Madaktari, madaktari wa meno, matabibu na wataalamu wa afya shirikishi wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 2017. Wauguzi na wakunga wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2010. Wafamasia wana Baraza la Famasia, na wa maabara wana lao.

Baraza linaweza kumwonya mtu, kumsimamisha, hata kumfuta kwenye rejista. Halikulipi fidia, na halijengi njia ya kiti mwendo kwenye zahanati yako. Kama unachotaka ni mtu huyu asimtendee mwingine hivyo, andikia baraza. Kama unachotaka ni huduma irekebishwe, baraza si mahali pake.

Na hapa kuna pengo ambalo watu hawaambiwi. Wanaotutolea maneno makali mara nyingi si madaktari wala wauguzi. Ni mlinzi getini, mpokezi dirishani, mhudumu anayesukuma machela. Hawa hawamo kwenye rejista ya mabaraza hayo. Ukiandika barua ya kurasa tano kwa Baraza la Wauguzi kumhusu mtu aliyevaa sare lakini si muuguzi, utasubiri sana kisha ujibiwe kwamba hawamtambui. Kwa hao, mamlaka ni mwajiri tu. Siku hizi walinzi wengi ni wa kampuni, basi nakala iende kwa kampuni pia.

Kama alidai kitu kidogo ndipo akuhudumie, hiyo ni rushwa. TAKUKURU, 113, bila malipo, wala usiichanganye na barua ya ubaguzi. Kama alikupiga, ni polisi.

Hatua ya 5: Barua

Ukurasa mmoja. Kiswahili cha kawaida. Hivi ndivyo inavyoweza kusomeka, kwa mama kiziwi aliyerudishwa kliniki:

*Mganga Mkuu wa Halmashauri, Manispaa ya Ilemela.*

*YAH: LALAMIKO LA KUNYIMWA HUDUMA YA KLINIKI KWA SABABU YA UZIWI*

*Tarehe (taja), saa tatu asubuhi, nilifika katika kituo cha afya (taja) nikiwa na mimba ya miezi saba. Nilimwandikia mpokezi kwenye karatasi kwamba sisikii na nimekuja kliniki. Alinirudishia karatasi na kuniashiria nirudi siku nyingine na mtu wa kunisemea. Wanawake watatu waliofika baada yangu walihudumiwa asubuhi hiyo.*

*Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka nihudumiwe bila kubaguliwa. Naomba mambo mawili: nipate huduma ya kliniki ndani ya wiki hii, na kituo kinieleze kwa maandishi mgonjwa kiziwi atakuwa anahudumiwaje.*

*Nakala: Mganga Mfawidhi wa kituo, Afisa Ustawi wa Jamii, Manispaa.*

Angalia kilichofanyika. Hakuna matusi, hakuna "wanajifanya miungu watu". Wale wanawake watatu ndio wanaothibitisha ubaguzi. Kilio kingefanya kazi ndogo kuliko wao. Na ombi linatekelezeka. Barua inayoomba "hatua kali zichukuliwe" hujibiwa "lalamiko lako linafanyiwa kazi", kisha kimya.

Peleka masjala nakala mbili. Moja inabaki, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Karani akikwambia "acha tu hapo mezani", kaa. Mwambie kwa upole, "Naomba mhuri, dada," na usiondoke bila huo mhuri. Bila mhuri ule, hukuandika.

Kwa suala la VVU, tahadhari moja: barua ya kawaida hupita mikono mingi. Tia ndani ya bahasha, andika SIRI juu yake na umwandikie mhusika kwa cheo chake. Ofisi za serikali zina masjala ya siri kwa ajili ya barua za namna hiyo, na unaweza kuomba ipitie huko. Si lazima kueleza hali yako kwenye kichwa cha barua. "Lalamiko la kutolewa siri ya mgonjwa" linatosha.

Aliye Ukerewe asifunge safari kwa ajili ya barua moja. Aanzie Nansio, aliko Mganga Mkuu wa Halmashauri yake. Mtu wa Sengerema sasa anafika mjini kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, bila kusubiri kivuko, lakini naye ngazi zake za mwanzo ziko kwake. Kuna pia e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko kwa mtandao au kwa simu ya kawaida kupitia *152*00#. Nautumia kama nyongeza ya barua, si badala yake. Sanduku la maoni pale mlangoni, lenye kufuli lililoshika kutu, liachie wenye maoni.

Hatua ya 6: Kama ni pesa au bima

Ukiambiwa wenye kadi ya bima wasubiri hadi wa fedha taslimu waishe, au uongeze pesa mkononi kwa huduma iliyo kwenye kitita, hilo ni suala la mkataba kati ya kituo na NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Ofisi ya NHIF Mwanza ndiyo inayoweza kukibana kituo, kwa sababu ndiyo inayolipa. Bima ya kampuni binafsi iko chini ya TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, nayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

Hatua ya 7: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora

Tume hii iko kwenye Katiba yenyewe na ina sheria yake, Namba 7 ya 2001. Ilirithi kazi za Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966. Ina ofisi Mwanza. Kulalamika ni bure, huhitaji wakili, na asiyejua kuandika husikilizwa na maelezo yake yakaandikwa.

Nguvu yake ni uchunguzi. Inaweza kumwita mtumishi ajieleze na kudai nyaraka ambazo wewe ungepigwa kalenda mpaka uzeeke. Udhaifu wake ni kwamba mwisho wa uchunguzi hutoa mapendekezo, haitoi hukumu; ingawa ina uwezo wa kwenda mahakamani yasipofuatwa. Kwa maoni yangu inafaa zaidi pale tatizo linapowagusa wengi: wenye ualbino wote wa kata wanaorudishwa, si mgonjwa mmoja na mpokezi mmoja. Mkijiorodhesha kumi na barua zenu zilizogongwa mhuri, mnasikilizwa.

Zingatia mpangilio: Tume haichunguzi jambo ambalo liko mahakamani. Ukifungua kesi kwanza, umejifungia mlango huu. Tume kwanza, mahakama baadaye.

Hatua ya 8: Mahakama

Njia ni mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kudai haki ya kikatiba Mahakama Kuu, Kanda ya Mwanza, chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi. Mabadiliko ya mwaka 2020 yaliibana njia hii: lazima uape kiapo kinachoonyesha wewe mwenyewe umeathirikaje, na lazima uwe umemaliza njia nyingine zote zilizopo. Ndipo mihuri ile ya masjala inapoanza kulipa. Asiye na karatasi atarudishwa akaanze kwa Mganga Mfawidhi, miaka miwili baada ya tukio.

Ya pili ni madai ya kawaida ya fidia kwa madhara uliyopata. Kama mdaiwa ni serikali au halmashauri, unatoa kwanza ilani ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali apate nakala. Muda wa kufungua madai ya aina hii kwa kawaida ni miaka mitatu tangu tukio. Hesabu vizuri: majadiliano na ofisi hayasimamishi kalenda, na wapo ofisini wanaolijua hilo.

Wakili ni gharama, lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako ikuonyeshe waliosajiliwa. Kwa wanawake, Kivulini, shirika la kutetea haki za wanawake, wako hapa hapa Mwanza. Viziwi wana CHAVITA, na wenye ualbino wana chama chao. Usiende peke yako kama kuna chama cha kukusindikiza. Karani humjibu vingine mtu aliyeongozana na mwenyekiti.

Wakikuita myamalize

Itafika siku simu italia: "Njoo ofisini tuyamalize kifamilia." Nenda, hakuna ubaya, mambo mengi huisha vizuri hivyo. Ila nenda na mtu, na uombe kikao kiandikwe muhtasari wenye majina, tarehe, na ahadi iliyotolewa. Usisaini karatasi ya kufuta lalamiko siku hiyo. Sema unaichukua ukaisome nyumbani. Kama ahadi ni huduma, subiri uipate kwanza, kisha ndipo uandike barua ya kufunga suala, nayo ipitie masjala na kugongwa mhuri kama zile nyingine.